Padre wa Nusu Ndoo

Watu wengine wakikutana na mgeni humuuliza kwao ni wapi, au anasali wapi. Padre aliyeanzisha shule ya wavulana kijijini kwetu, upande wa Bahi, aliuliza: "Unaogea wapi?" Aliwauliza hivyo wakaguzi wa elimu waliokuja na gari la serikali kutoka mjini, akawauliza wachuuzi wa mitumba waliopita na baiskeli, na nasikia alimuuliza hata askofu wake. Hakuwa anatania. Alitaka kujua maji yakishakuosha yanakwenda kufanya nini. Kwake yeye mtu aliyeogea juu ya mwamba, maji yakatiririka na kukauka bure, alikuwa na jambo la kuungama.

Sharti lake lilikuwa hili. Kila mvulana aliyepokelewa shuleni alipanda mche wa mwarobaini siku ya kwanza, kabla hajaoneshwa kitanda, na kando ya mche akaweka jiwe bapa. Kila jioni alipewa maji nusu ndoo, akaenda kuoga juu ya jiwe lake, nyuma ya wigo wa mabua ya mtama, ili maji yote yaishie kwenye mti wake. Saa ya kuoga uwanja mzima ulikuwa vichwa tu juu ya mabua, vichwa vya povu, vikipiga gumzo na kutaniana. Kijijini wakamwita Padre wa Nusu Ndoo. Jina lilimfikia, na nadhani alilipenda kuliko alilobatizwa nalo.

Nilikuwa mmoja wa vichwa hivyo, ila sikufika mwisho wa safari. Tangu hapo nimeoga kwenye nyumba za wageni, kwenye mabomba ya stesheni, na kwenye mito ambayo yeye aliifundisha bila kuiona. Sijapata mahali pengine ambapo nilijua maji yangu yanakwenda wapi.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yalianza kujaa tena, nguo za mitumba zikamwagwa chini minadani, na serikali ikalegeza mkono kwenye mambo ya shule, hata makanisa na watu binafsi wakawa wanajenga sekondari kila upande. Ushirika ulikuwa umekufa. Ghala lake kijijini kwetu lilibaki tupu, likinuka karanga na dawa ya wadudu. Padre akaliomba kwa serikali ya kijiji, na wazee wakampa huku wakicheka, kwa kuwa popo walikuwa wameshalichukua kabla yake.

Shule ilianzia humo. Upande mmoja tulilala, upande wa pili tulisoma, na katikati palikuwa na mizani ya kupimia magunia, kubwa, iliyojengewa sakafuni, ambayo mafundi walishindwa kuing'oa. Padre akaamua iwe mahali pake. Alifundishia juu ya mizani, na Jumapili aliweka meza juu yake akasomea misa hapo hapo. Kila aliposogea, sindano ilihama. Tulijua somo limemkolea tulipoona sindano haitulii, na tulijua mahubiri yamekaribia kwisha ilipotulia. Hayakuwa marefu. Alikuwa na desturi ya kumaliza kwa kusema "Nimesema," kisha akageukia altare, hata kama sentensi ya mwisho haikuwa imefika popote.

Kuimba hakujua kabisa, na alijua kwamba hajui, lakini alianzisha kila wimbo mwenyewe. Alisema mtu anayeimba vizuri anawanyamazisha wenzake, na mtu anayeimba vibaya kila mtu anamsaidia. Kweli tulimsaidia. Hata watu wa Anglikana waliokuwa wakipita njiani walisimama dirishani wakamsaidia.

Alituita Waheshimiwa. Dodoma ni mji wa Bunge, na wenzetu wengi darasani walikuwa wana wa watumishi wa huko, waliokuja na masanduku ya bati na miswaki. Sisi wa kijijini tulikuja na miguu yetu. Padre akatusawazisha wote kwa cheo kimoja. "Mheshimiwa, kamasi." "Mheshimiwa, hilo ni shati au tambara la deki?" Ukikosa swali la hesabu alikuambia kwamba Mheshimiwa sasa anaomba kuahirisha hoja. Mtu akisikia kwa mbali angedhani tunaheshimiwa sana.

Mambo yake mengine hayakukaa pamoja. Mwenzetu aliyeiba sukari stoo alisamehewa, akaiba tena, akasamehewa tena, na mwisho akapewa ufunguo wa stoo. Lakini mvulana mmoja kutoka mjini aliyemwaga maji mchangani kwa kuwa yalikuwa na tope alirudishwa kwao akatulie kwanza. Tulipomuuliza Padre kwa nini, alijibu kwamba sukari iliyoibwa imeliwa na mtu. Halafu alikuwa na punda. Punda wa shule ndiye aliyevuta mkokoteni wa mapipa kutoka korongoni, ambako maji yalichotwa kwenye mashimo ya mchangani, na bila yeye shule isingekuwepo. Padre alimwogopa punda huyo waziwazi. Alimpitia kwa mbali, akimsalimia kama anavyosalimiwa mkwe, na punda alijua, akawa anamfuata.

Lakini kisa ambacho kijiji kinamkumbukia ni kile cha ng'ombe, na kwa kuwa kilinihusu mimi, nakieleza.

Padre alitangaza shule ifunguliwe Januari, kama shule zote. Kwao, nasikia ni kwenye migomba na mvua za mara kwa mara, Januari ni mwezi kama mwingine. Kwetu mvua ni moja, na Januari ndiyo kila mkono uko shambani, na mkono usiokuwa shambani uko nyuma ya ng'ombe. Siku ya usaili waliofika ni wa mjini tu. Kijiji chenye ghala hakikuleta mtoto hata mmoja. Padre alikaa mlangoni na karatasi zake za maswali mpaka jua likapanda, halafu akaondoka kwa miguu kupita nyumba kwa nyumba.

Alitukuta nyumbani, mimi nikifungua zizi. Mama alikuwa tayari. Alitaka nisome tangu marehemu baba yu hai. Aliyekataa ni baba mdogo, mwenye ng'ombe. Alimkaribisha Padre kigoda, akamsalimia vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Na ng'ombe, Padre, watachungwa na nani?"

Padre akatazama zizi. "Leo nitawachunga mimi."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Alipoona mgeni wake hacheki, akanyamaza, kwa kuwa kwetu mgeni akijitolea kazi huwezi kumnyang'anya. Akampa fimbo. Mimi nikapewa karatasi na kalamu, nikaelekezwa ghalani, na nilipogeuka nyuma nilimwona Padre ameshika kanzu kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, anawaambia ng'ombe "Twendeni, twendeni," kwa Kiswahili. Ng'ombe wa Kigogo hawajui Kiswahili. Waliondoka tu kwa sababu wana njaa.

Akatembea nyuma yao, wote wakiwa mbele. Mchungaji wa kwetu hutembea ubavuni, upande wa mashamba, yeye awe ukuta. Padre hakuwa ukuta. Kabla sijamaliza maswali ya hesabu, ng'ombe wa baba mdogo walikuwa katikati ya mtama wa bibi jirani, bibi mjane mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti wa kijiji aliukwepa.

Kesi ilisikilizwa jioni ile ile. Baba mdogo alisimama kusema kwamba ng'ombe ni wake na kosa ni lake. Padre akamwomba akae. Akasema, "Ng'ombe ni wa huyu, lakini fimbo ilikuwa mkononi mwangu." Wazee walitazamana. Hawakuwa wamewahi kumhukumu padre, na walianza kuzungukazunguka, mmoja akisema mtama utachipua, mwingine akisema ng'ombe wenyewe ni wachokozi. Bibi jirani akawakata maneno.

"Alime," akasema. "Mimi sitaki pole ya mtu aliyevaa gauni. Alime."

Akalima. Kila asubuhi baada ya misa alionekana shambani kwa bibi akipalilia kile kilichobaki na kupanda upya kilicholiwa, na bibi akikaa pembeni na kibuyu chake cha togwa akimsimamia. Nilipita hapo mara nyingi. Siku moja nilimsikia bibi akimwambia, "Padre, unapiga jembe kama unabatiza. Ardhi haiungami, ipige." Padre akajibu kwamba anaiogopa kama anavyomwogopa mwenye shamba. Bibi alicheka, akampa togwa. Baada ya hapo wavulana wa kijijini walianza kuletwa, mmoja mmoja, na aliyewaleta mara nyingi alikuwa bibi huyo, akiwavuta kwa sikio hadi mlango wa ghala. Aliwaambia wazazi kwamba mtu mzima aliyekubali kuhukumiwa na mwanamke anaweza kufundisha chochote.

Nilipokelewa, na baba mdogo hakukataa tena. Mwarobaini wangu niliupanda mwanzo wa mstari, karibu na ghala, na Padre aliupapasa udongo wake kwa kiganja akasema, "Huu nimeulimia."

Aliyebeba mchanga na mawe ya majengo yaliyofuata alikuwa mzee wa lori, mfanyabiashara Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu safi, ambaye alishuka na mahindi na vitunguu na kurudi na mpunga wa Bahi. Yeye na Padre walipendana kwa kugombana. Mzee wa lori alikuwa akisema kwamba huko kwao wataanza kumuuliza ni kitu gani kinamfanya abebe mchanga wa kanisa.

"Waambie ni mchanga wa darasa," Padre alimjibu. "Kanisa litakuwa la mwisho."

Ikawa kweli. Madarasa yakasimama, bweni likasimama, jiko likasimama, na misa ikaendelea kusomwa juu ya mizani. Wana wa Kiislamu wa Kondoa waliosoma nasi, Padre aliwawekea maji yao Ijumaa mapema, ili waende msikiti wa karibu na stesheni wakiwa wameoga. Kwenye miti yao ile ile, lakini. Katika hilo hakuwa na dini.

Somo lake lilikuwa jiografia. Na hapa ndipo penye lile ambalo sijalimaliza mpaka leo. Mtu huyu hakupenda safari. Kwenda mjini kwa shughuli za jimbo kulimfanya augue tumbo tangu usiku uliotangulia. Lakini akipanda juu ya mizani na chaki, mito ya nchi hii ilitiririka ukutani. Alichora Ruaha ikizunguka kwenye miamba, akachora Kilombero ikitanuka wakati wa mafuriko, akatuambia rangi ya maji yake na sauti ya viboko wake, na mtu angeapa kwamba amekunywa humo. Mara moja mwana wa dereva mmoja wa Bunge alimuuliza kama ameshafika Rufiji. Sindano ya mizani ikatulia.

"Sijafika," Padre akasema. "Mtu hajui kitu kwa kukifikia tu."

Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Nilianza kuumwa siku ile. Sikuumwa na kitu kingine zaidi ya kutaka kujua kama viboko wana sauti ile aliyoiiga.

Wenzangu wa kijijini walikuwa wanapungua. Mmoja aliwafuata kaka zake waliohamisha mifugo kuelekea Usangu. Mwingine alipata kibarua kwenye mashamba ya zabibu akaona haina haja ya kurudi. Mwingine baba yake alikufa, naye akawa ndiye baba. Padre hakuwagombeza. Sharti la miti lilieleza kila kitu: mwenzio akiugua, uliogea kwenye mti wake, ukimaliza kidato cha nne, ulimkabidhi mti mtoto wa kidato cha kwanza, mkashikana mikono juu ya jiwe. Kwa aliyeacha shule njiani hakukuwa na sharti, kwa sababu Padre hakutaka kulifikiria. Wale walipoondoka, aligawa miti yao kwa waliobaki bila kusema neno. Tukawa tunaoga kwa zamu, leo kwako, kesho kwa aliyekwenda. Mwisho, katika darasa lile la kwanza, wa kijijini nikabaki peke yangu.

Nikaondoka na lori. Mzee wa lori alihitaji utingo, na sikumwambia nyumbani mtu yeyote ila mama, ambaye alilia kidogo kisha akanifungia karanga. Asubuhi tukipakia mpunga, Padre akaja. Hakuwa amekimbia lakini alikuwa anahema. Mzee wa lori akajifanya anakagua tairi la nyuma.

"Darasani ninao wana wa makatibu, na wana wa madereva," Padre aliniambia. "Ninawapenda. Lakini ghala lile si lao. Wenye ghala nilikuwa nimebakiwa na wewe."

Nilimwambia ukweli. "Padre, umenifundisha mito. Nataka kuiona."

Alitazama magunia.

"Mto hauondoki, Mheshimiwa," akasema. "Ungekusubiri."

Na mzee wa lori, Padre hakumsemesha kwa msimu mzima. Mchanga aliendelea kuupokea, lakini alimwelekeza kwa mkono tu pa kuumwaga.

Miaka iliyofuata nilikuwa mtu wa barabara. Utingo, halafu mpiga debe, halafu mvunaji wa chumvi, halafu mchimbaji asiyepata kitu, halafu utingo tena. Kila nilipokaribia Dodoma niliomba nishushwe njia panda ya kijijini. Nilimsalimia mama, nikala, kisha nikaenda ghalani. Padre alinipokea kwa uso uliofungwa. Nilimsalimia, "Tumsifu Yesu Kristo," naye aliitikia, "Milele amina," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Kisha swali: "Unaogea wapi siku hizi?" Nikamtajia mahali. Kisha alijaribu kunyamaza, akashindwa.

"Huko Itigi udongo ni wa rangi gani hasa?"

Nikamweleza. Akavuta kiti. Ruaha umeiona? Nimeiona. Wakati gani wa mwaka? Maji yalifika wapi kwenye nguzo za daraja? Viboko? Nikamwigia viboko, na kumbe sauti yake ilikuwa sawa kabisa, nikamwambia hivyo, na uso ukafunguka kama wa mtoto. Tulikaa mpaka kengele ya jioni. Wanafunzi waliniambia kwamba darasani alikuwa akisema, "Yupo Mheshimiwa mmoja mtoro anayesema kuwa mto huu kiangazi unakatika," kisha akarekebisha ramani ukutani. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko kufutwa kwa mstari ule wa chaki.

Nikiaga aliniambia, "Kitanda chako kipo." Kila mara. Nami nilijibu kwamba nitarudi mwaka unaoanza, na nilipolisema nililiamini, mpaka nilipolisikia lori.

Kisha mwaka mmoja nilipoaga aliniambia tu, "Nenda salama." Nilisimama kidogo nikisubiri lile jingine. Halikuja. Nikapita uwanjani kuelekea barabarani, nikatazama mstari wa miarobaini, ambayo sasa ilikuwa na vivuli, na mwanzoni mwa mstari, karibu na ghala, palikuwa na pengo. Jiwe bapa lilikuwepo. Kando yake palikuwa na kijiti cheupe, kikavu, hakijavunjwa wala kung'olewa. Mti wa kushoto ulikuwa hai, na wa kulia ulikuwa hai. Sikuuliza mtu.

Baada ya hapo nilipita mbali. Habari za shule nilizipata njiani, kwa kuwa ilishakuwa shule ya kutajwa: majengo ya matofali, umeme, kanisa lililojengwa mwisho kama alivyosema. Wana wa kijijini nao walimaliza, wengi, na mjukuu wa bibi jirani akaenda kusomea ualimu, akarudi, akapewa somo la jiografia. Nilifurahi niliposikia. Niliposikia vilevile kwamba ghala limebomolewa na mizani imefukiwa, nilishindwa kula siku nzima, na dereva wangu akadhani nina malaria.

Padre alizeeka akapelekwa Msalato, kwenye nyumba ya mapadre wastaafu. Mzee wa lori ndiye aliyeniambia. Na yeye alishazeeka, lori likiendeshwa na mwanawe, mimi nikiwa kwenye lori hilo hilo tena baada ya kuzunguka nchi. Siku tuliyotoka Kondoa na vitunguu akanitumia salamu nimpelekee, pamoja na chupa ya asali ya Busi, huko kwao. Mwanawe akanishusha mchana barabarani, akaniambia ana mzigo wa kushusha mjini, atanipitia jioni akipiga honi, na nisimcheleweshe kwa sababu tunakwenda Singida.

Nyumba ilikuwa safi mno. Ua wote ulikuwa umesakafiwa kwa saruji, umefagiliwa, hakuna jani. Sista aliyewahudumia wazee alinionesha barazani, na pale nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekuwa mdogo, miguu imevimba, macho yale yale. Alinitambua kabla sijasema. Nilimwamkia, "Shikamoo, Padre," akaitikia, nikasubiri swali langu. Nilishaandaa jibu njiani. Swali hakuliuliza.

Alipokea asali, akainusa, akasema mzee wa lori bado anadhani atabatizwa kwa rushwa. Kisha akaanza kulalamika. Chakula ni kizuri, sista ni mwema. Lakini wanamwogesha ndani, kwenye vigae. Kuna tundu sakafuni. Maji yanaingia kwenye tundu.

"Nimewauliza yanakwenda wapi," akasema. "Wananiambia, Padre, yanakwenda bombani. Bombani ni mahali?"

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Halafu akatazama mikono yake.

"Mti wako ulikufa."

"Niliuona, Padre."

"Haukufa wenyewe. Ya wenzio walipoondoka niliigawa. Wako nilikataza. Niliwaambia wavulana asiumwagie mtu, na wao walitii, walikuwa watoto wema. Nilipita pale kila jioni na beseni langu, nikaenda kumwaga kwingine. Nilikuwa na hasira, nikautazama ukikauka." Akanyamaza, na nilijua hajamaliza kwa sababu hakusema "Nimesema". "Mti haukuwa na kosa."

 Lililonijia ni lile tulilozoea, kwa hiyo nikaanza kumweleza mito. Nikamweleza Malagarasi nilivyoivuka kwa mtumbwi, na matete yake, na jinsi maji yanavyonuka asubuhi. Alisikiliza amefumba macho. Aliuliza udongo wa kingo ni wa rangi gani, nikamwambia. Kisha akafumbua macho.

"Nyuma ya jiko," akasema kwa sauti ya chini, "saruji iliwaishia. Kuna mwarobaini umeota wenyewe ukutani. Sista anataka kuung'oa."

Nilimwendea sista. Alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, akaniambia huyu mzee anamsumbua na mti huo tangu afike, kisha akanipa ndoo ya maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni na taulo, akasema, "Basi leo mwogeshe wewe, mwanawe."

Nikambeba na kiti chake. Hakuwa na uzito. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ardhi kama mkeka, chekundu, na mche umefika kiunoni. Nilikiweka kiti mahali maji yatakapotiririkia, nikatundika kanga ya jikoni kwenye kamba iwe wigo. Nikamvua, nikamwogesha. Mgongo, mabega, yale makovu viganjani ya jembe la bibi jirani. Aliniongoza. Polepole. Maji yasiruke. Mimina kwa mkono, si kwa kopo. Nilimkausha, nikamvika, nikakigeuza kiti kiangalie jua.

Kwenye ndoo palikuwa pamebaki nusu.

Tuliiona wote wawili. Kutoka barabarani nikasikia honi ya lori, mara moja, kisha ndefu.

"Unaogea wapi siku hizi?" Padre akauliza.

Nilivua shati. Mzee akageuza uso akautazama ukuta, kama alivyotufundisha kufanya mwenzio anapooga. Nikasimama kando ya mche, nikajipaka sabuni ile ile, na honi ikapigwa tena, na nikaanza kujimiminia kwa mkono, kidogo kidogo, nikiangalia maji yanavyolizunguka shina na kuzama.

"Mheshimiwa," akasema bila kugeuka. "Na nyuma ya masikio."